Dua na turubai: tumpime vipi kiongozi baada ya maafa?

Nianze na jibu ili mwenye haraka asisumbuke. Nikiwekewa viongozi wawili, mmoja katangaza siku ya maombi na mwingine kapeleka maturubai, namchukua wa pili. Ila ukiishia hapo utadanganywa mapema, maana turubai nalo hupigiwa picha likarudishwa ghalani, na zipo dua zilizowafaa watu kuliko lori zima la blanketi. Kwa hiyo nitaziweka pande zote mbili mezani, kila moja na uzuri wake na ujanja wake, kisha nikuonyeshe mahali ninapotazama mimi kabla ya kuamua.

Funguo za ghala

Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko la ukubwa wa 9.0 lilipiga kaskazini-mashariki mwa Japani, bahari ikapanda nchi kavu, na waliokufa pamoja na waliopotea wakapita 18,000. Siku tano baadaye Mfalme Akihito alitokea kwenye televisheni kulihutubia taifa na kuwatakia manusura usalama. Wiki zilizofuata yeye na mkewe Michiko walizunguka vituo vya hifadhi, wakapiga magoti sakafuni ili wazungumze na watu macho kwa macho. Katiba ya nchi ile haimpi mfalme madaraka ya kuendesha serikali: haidhinishi bajeti, haamuru jeshi. Alichokuwa nacho ni magoti yake, akayatoa.

Tarehe 21 Aprili mwaka huohuo Waziri Mkuu Naoto Kan alifika Tamura, mkoani Fukushima, katika kituo cha watu waliohamishwa kwa sababu ya ajali ya kinu cha nyuklia. Alipokuwa akielekea mlangoni, watu ambao hakuzungumza nao walimpigia kelele wakitaka kujua kama ndiyo anaondoka hivyohivyo. Ikabidi arudi na kuomba radhi.

Wote wawili walikwenda kutoa pole. Mmoja alipokewa, mwingine akazomewa. Sidhani kama sababu ilikuwa upole wa mmoja na ukali wa mwingine. Mtu asiye na ghala akija kukupa pole, unaipokea pole. Mwenye funguo za ghala akija na pole hiyohiyo, macho yako yanakwenda kwenye funguo, nawe una haki ya kutazama huko.

Ndiyo maana maneno "tunawaombea" hayana uzito mmoja kila yanapotamkwa. Yakitoka kwa jirani, kwa imamu, kwa mtawa, kwa mtoto wa shule aliyeandika barua, ni zawadi iliyokamilika. Yakitoka kwa mtu ambaye saini yake inafungua hazina, yanakuwa ama utangulizi wa jambo linalofuata ama pazia la jambo ambalo halitafuata kamwe. Ugumu ni kwamba siku ile ya kwanza utangulizi na pazia hufanana kama pacha.

Dua ina thamani, ila haina bei moja

Wapo wanaoicheka sala ya kiongozi moja kwa moja, kana kwamba haina faida yoyote kwa aliyepoteza nyumba. Hilo si kweli, na limepimwa. Baada ya kimbunga Florence kupiga North Carolina mwaka 2018, watafiti Linda Thunström na Shiri Noy waliwapa wakazi wa jimbo hilo mtihani wa ajabu kidogo: ungetoa pesa kiasi gani ili mtu akuombee? Kwa wastani Wakristo waliithamini sala ya padri kwa dola 7.17, na ya Mkristo wasiyemjua kwa dola 4.36. Wasioamini, na wale wasio na hakika kama Mungu yupo, walikuwa tayari kutoa dola 3.54 ili padri asiwaombee, na dola 1.66 ili huyo Mkristo mwingine naye awaache. Yaani wapo watu ambao dua ni hasara kwao, wakatamani waondolewe.

Padri anajua waumini wake. Kiongozi wa nchi hajui, au anajua na kupuuza. Anaposimama mbele ya kamera na kusema tuinamishe vichwa, anawapa baadhi mkate na wengine jiwe kwa mkono uleule. Blanketi halina tatizo hilo: mwenye dini na asiye na dini wote husikia baridi.

Utafiti wa pili wa Thunström, uliochapishwa mwaka 2020, unanisumbua zaidi. Waumini walioombea wahanga wa kimbunga kabla ya kuchangia walichangia kidogo kuliko wale ambao hawakuomba kwanza, kana kwamba sala ilihesabiwa moyoni kuwa sehemu ya mchango. Jaribio moja halifungi mjadala, lakini ukifikiri utaona linafanana na mambo unayoyajua: mtu akishasema neno zuri hujisikia amefanya kazi. Kwa raia mmoja hasara yake ni dola chache. Kwa baraza zima la mawaziri lililotoka kwenye ibada likiwa limejisikia vizuri, hasara ni kubwa zaidi.

Nisiionee dua. Ibada hukusanya watu, na watu waliokusanyika hujuana nani hajaonekana, nani ana gari, mtoto wa nani amebaki peke yake. Kwa aliyefiwa, kusikia jina la mji wake likitajwa na mkuu wa nchi ni kujua kwamba hakusahauliwa. Hivyo havipimwi kwa lita wala kilo, na mtu aliyewahi kufiwa hawezi kuviita upuuzi.

Kuomba mvua

Ukame ni janga la polepole, na ndilo linalowavuta zaidi viongozi kwenye maombi, kwa kuwa hakuna kifusi cha kufukua wala mtu wa kumvuta kwenye mafuriko. Novemba 2007 Gavana Sonny Perdue wa Georgia aliongoza sala ya mvua kwenye ngazi za bunge la jimbo lake. Aprili 2011 Rick Perry wa Texas alitenga siku tatu nzima, kuanzia tarehe 22 hadi 24. Tarehe 14 Februari 2023 Kenya ilifanya siku ya kitaifa ya maombi chini ya Rais William Ruto, baada ya misimu mitano mfululizo ya mvua duni kuchosha watu na mifugo.

Ukiyatazama haraka matukio haya ni yaleyale. Yakague vizuri. Mwezi mmoja kabla ya sala yake, Perdue alikuwa ameshaamuru matumizi ya maji kaskazini mwa Georgia yapunguzwe kwa asilimia 10. Amri hiyo unaweza kuichunguza: ilitekelezwa au haikutekelezwa, ilitosha au ilichelewa. Huko Texas ukame uliendelea, na Septemba moto wa Bastrop ukateketeza nyumba zaidi ya 1,600, na bajeti iliyopitishwa mwaka huohuo wa maombi ilikuwa imepunguza fedha za kusaidia vikosi vya zimamoto vya kujitolea. Hapo ndipo dua inaponitia shaka. Sina ugomvi na aliyeomba mvua. Nina ugomvi na aliyeomba mvua huku akipunguza mipira ya maji.

Halafu kuna jambo la hesabu. Mvua ikinyesha baada ya maombi, huwezi kuthibitisha ni kwa maombi. Isiponyesha, muumini ataambiwa asubiri. Kwa vyovyote kiongozi haanguki mtihani. Bwawa lililoahidiwa lina tarehe, lina mkandarasi, lina picha ya shimo tupu kama halikujengwa. Mwanasiasa anayejua hilo atapenda kuhukumiwa kwa lipi?

Kudura na kibali cha ujenzi

Kuna aina ya maneno ya dini ambayo naona ni mabaya kuliko ukimya. Tarehe 6 Februari 2023 matetemeko mawili, la 7.8 na la 7.5, yaliangusha miji ya kusini mwa Uturuki. Waliokufa nchini humo walizidi 50,000. Siku mbili baadaye Rais Recep Tayyip Erdoğan, akiwa miongoni mwa manusura huko Pazarcık, alisema mambo kama haya ni sehemu ya mpango wa kudura.

Mwenye imani anaweza kusema hivyo kwa unyenyekevu kabisa. Waswahili wenyewe tunasema jitihada haiondoi kudura. Lakini mwaka 2018 serikali hiyo ilikuwa imetoa msamaha wa ujenzi: mwenye jengo lililokiuka kanuni alilipa ada, jengo likahalalishwa bila kubomolewa wala kuimarishwa. Tetemeko lilitoka ardhini. Karatasi ya msamaha ilitoka ofisini. Ukiviunganisha vyote viwili katika neno kudura, umemtwisha Mungu mzigo wa karani.

Mwaka 2010 unaonyesha tofauti hiyo wazi. Januari, tetemeko la 7.0 lilipiga Haiti; makadirio ya waliokufa huanzia 100,000 hadi 300,000. Mwezi uliofuata Chile ilipigwa na la 8.8, lenye nguvu mara mamia zaidi, na waliokufa walikuwa 500 na ushei. Mambo mengine yalichangia, kwa mfano umbali wa kitovu kutoka mjini. Ila jambo kubwa lilikuwa nyumba: Chile ilikuwa na kanuni kali za ujenzi na ilizisimamia. Msaada bora kuliko wote ulikuwa nondo zilizowekwa kwenye nguzo miaka mingi kabla, na hakuna aliyepiga nazo picha.

Turubai nalo husema uongo

Sasa nigeuze upande, maana wapenzi wa vitendo hujiona wako salama. Kimbunga Maria kiliipiga Puerto Rico tarehe 20 Septemba 2017. Wiki mbili baadaye Rais Donald Trump alifika na kuwarushia watu karatasi za kufutia mikono, kama mtu anayetupa mpira kikapuni. Ulikuwa msaada wa vitu, hauna sala hata moja ndani yake, na bado ulikuwa maonyesho. Mwaka mmoja baadaye shehena kubwa ya chupa za maji ilikutwa imelala kwenye uwanja wa ndege huko Ceiba, kisiwani humohumo. Idadi rasmi ya vifo ilikuja kufikia 2,975, wengi wakiwa hawakufa siku ya upepo. Walikufa katika miezi ya bila umeme, bila dawa, bila barabara.

Myanmar ni mfano mchungu zaidi. Kimbunga Nargis kilipiga delta ya Irrawaddy Mei 2008 na kuua watu wapatao 138,000. Utawala wa kijeshi ulizuia wageni na misaada kwa wiki kadhaa, huku ukiendelea na kura ya maoni ya katiba tarehe 10 Mei katika sehemu kubwa ya nchi. Waliofungua milango ni watawa wa Kibudha: nyumba zao za ibada zikawa malazi na jiko. Ukipanga jedwali lako na kuandika "dini" upande wa maneno na "serikali" upande wa vitendo, Nargis italichana.

Na Haiti, miezi tisa baada ya tetemeko, ilipata kipindupindu kilichoingia kupitia kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa, watu waliokuja kusaidia. Kiliua karibu watu 10,000. Umoja wa Mataifa ulichukua hadi 2016 kukiri kwamba ulihusika. Kwa hiyo hata msaada una maswali yake: umeletwa na nani, umekaguliwa na nani, choo chake kimechimbwa wapi?

Saa ya ukutani

Baada ya hayo yote, kipimo kinachonisaidia zaidi ni saa. Dua na msaada havishindani saa zote. Vinashindana saa fulani tu.

Katika saa 72 za mwanzo wengi wanaotolewa hai kwenye kifusi hutolewa na jirani zao kwa mikono, kabla kikosi chochote hakijafika. Kiongozi aliye mbali hawezi kuvuta mtu kifusini, lakini kuna kalamu ambayo ni yeye tu anayeishika. Machi 2023 kimbunga Freddy kiliporudi na kuiangukia Malawi, rais alikuwa Lazarus Chakwera, mtu aliyeongoza kanisa la Assemblies of God nchini mwake kwa zaidi ya miaka 20. Kama kuna rais anayejua kuomba, ni huyo. Tarehe 13 alitangaza hali ya maafa kusini mwa nchi, tamko la kisheria linalofungua njia ya fedha na misaada ya nje. Wiki mbili za maombolezo zilitangazwa baadaye. Mpangilio huo nauheshimu. Vivyo hivyo Desemba 2023, maporomoko ya tope yalipoifunika Katesh wilayani Hanang, Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi. Alikatisha ziara, na pole yake ilikuja pamoja na agizo kwamba serikali igharamie mazishi na matibabu. Pole yenye gharama ndani yake ni rahisi kuitambua: kesho yake mtu anaweza kwenda hospitali kuuliza kama kweli halipi.

Linganisha na Louisiana 2005. Kimbunga Katrina kilipiga tarehe 29 Agosti, na Gavana Kathleen Blanco akaifanya tarehe 31 kuwa siku ya maombi. Kwa haki yake, alikuwa ametangaza hali ya dharura siku tatu kabla ya upepo kufika. Wala sala haikuyazuia mabasi ya kuwahamisha watu. Ila mabasi yalichelewa, maelfu walikuwa wamekwama ndani ya uwanja wa Superdome, na kwa mtu aliyekaa gizani humo tangazo la maombi lilikuwa habari kutoka dunia nyingine.

Wiki ya pili na ya tatu sala huanza kurudi mahali pake. Maiti wamezikwa, usingizi umekataa, na watu wanataka mahali pa kulia pamoja. Hapo ibada ya kitaifa ina kazi ya kweli, mradi kambi iwe inahesabika. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada duniani huvifuata, vinataka angalau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku na choo kimoja kwa watu wasiozidi 20. Ukimsikia kiongozi akihubiri kambini, hesabu vyoo. Hutakosea sana.

Mwaka wa pili ndio unaoumbua wote. Kamera zimeondoka, mahubiri yamekwisha, maturubai yamechanika. Bangladesh ilichukua miongo kujibu mtihani huo. Mwaka 1970 kimbunga Bhola kiliua watu wasiopungua 300,000. Cha 1991 kiliua karibu 140,000. Sidr ya 2007, iliyokuwa na nguvu kubwa, iliua takriban 3,400. Na Amphan ya 2020 iliua makumi tu, baada ya watu zaidi ya milioni mbili kuhamishwa. Katikati ya namba hizo kuna majengo ya hifadhi pwani nzima na maelfu ya watu wa kujitolea wanaopita na bendera na vipaza sauti. Kuna pia misikiti: mnara uleule unaoadhini hutangaza kwamba kimbunga kinakuja, ondokeni. Sijaona jibu zuri kuliko hilo kwa anayeuliza achague upande gani.

Kwa hiyo ukitakiwa kuchagua, kwenye kura au kwenye mfuko wa mchango wako, usimkatae kiongozi kwa kuwa ameomba. Mwache aombe. Kisha mtafutie vitu vitatu ndani ya wiki moja: jina la mtu aliyekabidhiwa kazi, kiasi cha fedha kilichokwisha kutoka (sisemi kilichoahidiwa), na tarehe ya kurudi kutoa hesabu. Akiwa navyo, dua yake ni nyongeza njema. Akiwa hana, hata maturubai yake yatazame mara mbili.

Mtihani huu ni wa zamani. Tarehe 1 Novemba 1755, siku ya Watakatifu Wote, Lisbon ilianguka watu wakiwa kanisani. Tetemeko, moto na bahari vikapokezana. Padri Gabriel Malagrida aliandika kwamba chanzo ni dhambi za watu na akawataka waache mengine wakatubu. Waziri Sebastião José de Carvalho e Melo, aliyejulikana baadaye kama Pombal, alidhibiti bei ya chakula, akanyonga waporaji, na kwa idhini ya mkuu wa kanisa la Lisbon maiti zikapakiwa majahazini na kuzamishwa baharini kabla ya maradhi kuzuka. Alikuwa mtu mkatili. Malagrida aliishia kunyongwa na kuchomwa mwaka 1761, na mkono wa Pombal ulikuwemo. Lakini serikali yake ilifanya jambo moja ambalo ningependa kila serikali iliige. Ilituma orodha ya maswali 13 kwenye parokia za nchi nzima: tetemeko lilidumu muda gani, nyumba ngapi zimeanguka, wangapi wamekufa, bahari ilipanda kwanza au ilishuka kwanza. Swali mojawapo liliuliza ni hatua gani zilichukuliwa papo hapo mahali hapo na watu wa kanisa, na wanajeshi, na maofisa wa serikali, kila mmoja kwa upande wake. Walioketi kujibu, kijiji kwa kijiji, walikuwa mapadri.